Jina la Kwangu

Bwenini, Musoma
Jumapili, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Kwangu,

Nakuandikia kwenye meza ya matroni kwa sababu darasani kuna kelele, na shangazi Esta, atakayekuletea barua hii, amesema hanisubiri zaidi ya nusu saa. Dagaa wake wa kupeleka Bunda wako stendi bila mtu. Simu haturuhusiwi, unajua, kwa hiyo utanivumilia nikiandika kama insha.

Shangazi ameniambia majibu ya vipimo vyako vya Bunda. Alisema, “Wamemkuta na selimundu,” akalitamka polepole kama mtu aliyewekewa yai mdomoni. Na mimi nilifurahi. Usikasirike. Nilifurahi kwa sababu sasa tunajua ni nini. Miaka yote hii mifupa inakuuma na macho yanakuwa ya njano, tumeambiwa ni malaria, kisha tukaambiwa ni baridi yabisi. Bibi naye akasema ni baba mkubwa anajigeuza ndani yako, kwa sababu wewe ni wajina wake na yeye alikufa kwa maumivu hayohayo akiwa na miaka kumi na saba.

Nimesoma sura ya urithi kwenye kitabu cha Baiolojia mara mbili. Ni hivi. Kila mtu ana maelekezo mawili ya kutengeneza damu, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Baba na Mama kila mmoja ana moja zima na moja lenye kasoro, ndiyo maana wao hawaumwi. Kila mtoto wanayempata ana nafasi moja kati ya nne ya kupewa kasoro zote mbili. Mimi sikupewa zote mbili. Wewe ulipewa. Chembe zako zinajipinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, ndipo unalia. Baba mkubwa bila shaka alikuwa hivyohivyo. Kwa hiyo hakuna marehemu anayejigeuza ndani ya mtu. Ni damu tu, na iliamuliwa siku ile mimba yako ilipotungwa.

Meza dawa kila siku. Kunywa maji mengi, usioge ya baridi. Naomba uniandikie.

Dada yako,
Yuliana


Mugeta
18 Februari 2024

Dada Yuliana,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza zizini, mara mbili nikiwa nimejifungia chumbani.

Nashukuru umenieleza. Daktari aliongea na Baba, na Baba hakuniambia kitu. Unajua anavyonifanyia. Kwake mimi ni kaka yake aliyerudi. Tangu nikiwa mtoto ananiitaga Mkubwa, chakula kikiletwa ananisubiri ninawe kwanza, na mtu hawezi kumweleza kaka yake jinsi atakavyokufa.

Sasa sikiliza. Bibi anasema nilipangiwa kabla sijazaliwa. Wewe unasema iliamuliwa siku ya mimba. Niambie tofauti. Bibi anasema baba mkubwa amerudi na maumivu yake. Wewe unasema damu ya baba mkubwa imerudi na maumivu yake. Mmebishana miaka yote wewe na Bibi mpaka uji unapoa, kumbe mnasema neno moja, ila wewe una kitabu chenye picha.

Mimi nilikuwaga na tumaini kidogo kwamba Bibi anakosea. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nasema moyoni, Yuliana anasoma, siku moja atakuja na jibu lingine. Umekuja, na jibu ni lilelile. Mwezi wa sita natimiza kumi na saba.

Usilie, mwalimu. Nimepata utulivu. Leo nimempa Fredi wa darasani kwetu madaftari yangu yote ya Fizikia. Akaniuliza, “We Kwangu, umeokoka au umechanganyikiwa?” Nikamwambia achague.

Mdogo wako,
Kwangu


Bwenini, Musoma
3 Machi 2024

Kwangu,

Jibu hili kwanza, ndiyo au hapana: unameza dawa?

Halafu mwombe Fredi akurudishie madaftari. Unayahitaji.

Sikusema ulichosema nimesema. Au nilisema, lakini sikumaliza. Damu imeamua umbo la chembe, basi. Haijaamua kama utakunywa maji leo. Haijaamua kama utavaa sweta. Nimemuuliza matroni, amewahi kuwa nesi, anasema anawajua wenye selimundu ambao wana ndevu na wajukuu. Baba mkubwa hakupimwa, hakupewa kidonge hata kimoja. Wewe umepewa.

Nikuambie jambo la aibu. Jana tulikuwa na mdahalo. Mada ilikuwa, binadamu ndiye anayeamua matendo yake. Niliwekwa upande wa kukubali kwa sababu nasoma vitabu vingi, si kwa sababu najua kuongea. Nikaandika kurasa tatu. Nilipoitwa nikasimama, nikawaona watu wote wale, nikakaa. Ghati wa upande wa kupinga akanyanyuka akasema, “Mheshimiwa mwenyekiti, ushahidi wetu ndio huo umekaa.” Walicheka mpaka mwalimu akafuta machozi.

Nimejiuliza kama nilichagua kukaa. Nilihisi kama miguu ndiyo iliyochagua. Lakini kabla magoti hayajakunjika kulikuwa na muda, mfupi sana, ambao ndani yake ningeweza kufungua mdomo. Ulikuwepo. Naweza kuapa kwamba ulikuwepo. Wewe muda wako ni mrefu kuliko huo wangu. Tafadhali.

Yuliana


Butiama, kwa Bibi
21 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Samahani nimechelewa kujibu, niliumwa wiki mbili, vidole vilivimba. Sasa nipo Butiama kwa Bibi. Niliomba mwenyewe kuja. Mama alikataa, lakini Baba akasema, “Mkubwa akitaka kwenda kwa mama yake, nani atamzuia?” Bibi amenipa chumba alichofia marehemu. Kaburi lipo nyuma ya migomba. Ananiita mwanangu, kama kawaida, ila sasa analisema taratibu.

Dawa zipo.

Ulitaka kujua kuhusu kuchagua. Mimi nilichagua, dada, mapema kuliko watu wote. Bibi amenisimulia upya. Nilizaliwa nikalia siku tatu. Wazee wakakaa kutafuta jina, wakawa wanataja wafu wa ukoo mmoja mmoja ili ninyamaze kwa yule anayenitaka. Wakataja Burito, nikalia. Wakataja Masanja, nikalia zaidi. Wakataja wote. Jina la Kwangu waliliruka kwa makusudi, maana alikufa kijana bila mke wala mtoto, na waliogopa. Lakini lilipotajwa tu, nikanyamaza palepale. Wanawake wakapiga vigelegele.

Nilimuuliza Bibi nani alilitaja wakati wote walikuwa wanaliogopa. Akasema lilijitaja.

Kwa hiyo mtoto wa siku tatu alisikia majina yote akakataa, akachukua hilo. Huo ndio uchaguzi wako unaousema. Nilishautumia. Na kule shule nimewaambia wasinisajili kwa muhula ujao.

Kwangu


Bwenini, Musoma
5 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Sijui nianze wapi, naanza na baya zaidi.

Shangazi Esta alilala Butiama Alhamisi. Akiwa anatafuta chumvi akafungua lile kopo la Bibi la mbegu za pamba. Amekuta dawa zote za Kwangu humo. Zote, Mama, tangu za Februari. Alimuuliza, naye akamjibu, “Shangazi, mbegu ya pamba itaota pamba tu, hizo dawa zinabadilisha nini?” Shangazi anasema Bibi alikuwepo akisikia. Baba alipigiwa simu, akasema Mkubwa ameshaamua.

Mama, ni mimi. Mimi ndiye niliyemwandikia kwamba iliamuliwa siku ya mimba. Nilitaka kumtoa kwenye maneno ya Bibi, nikampa mengine mazito zaidi yenye muhuri wa kitabu. Wiki tano zijazo atafikisha kumi na saba na amejiandaa kama mtu anayesubiri gari.

Anashikilia siku ya jina lake. Anasema alichagua mwenyewe. Wewe ulikuwepo. Bibi anasema jina lilijitaja. Majina hayajitaji, Mama. Nani alisema? Niambie chochote unachokumbuka, hata kama ni kidogo.

Binti yako,
Yuliana


Mugeta
14 Mei 2024

Mwanangu Yuliana,

Mimi sio mtu wa kuandika. Hii nimeiandika siku nne, baba yako akiwa shamba.

Unajua mimi hapa ni mtu wa kuja. Kwetu Ukerewe. Nilipoolewa Kizanaki chao nilikuwa sisikii, nikawa naongea nao Kiswahili, na wale wazee Kiswahili walikuwa wanaokota neno mojamoja. Siku hiyo mtoto alikuwa mikononi mwa bibi yako. Waliniambia nisimnyonyeshe mpaka jina lipatikane. Toka asubuhi. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe, kanga imelowa, na mtoto sauti imekauka, analia bila sauti, mdomo tu. Wao wanataja, wanataja. Mimi nikashindwa. Nikasema, mleteni kwangu.

Ndiyo hiyo tu mwanangu. Mleteni kwangu.

Wazee wakasikia mwisho wake. Wakasimama, wanaambizana Kwangu, amesema Kwangu. Bibi yako akaniletea mtoto, akashika ziwa, akanyamaza. Vigelegele. Mzee mmoja akaniwekea mkono kichwani, akasema marehemu ametumia mdomo wa mgeni kwa sababu wenyeji walimnyima. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Ningesema nini mbele ya watu wote wale? Niseme nilikuwa naita mtoto, siiti mfu?

Nikanyamaza. Mwaka haujaisha akaanza kuumwa kama alivyokuwa anaumwa yule. Ndipo nikajua nimemwita kweli, hata kama sikukusudia. Karibu miaka kumi na saba namwangalia bibi yako, tukiwa kwake au akija kwetu, anampakulia mwanangu kabla ya baba yako. Nikisema, namzika mwanawe mara ya pili. Nisiposema, namzika wangu. Sijaweza mwanangu. Kila siku nasema kesho.

Nimekwambia wewe ili nisife nayo. Choma barua hii. Usimwonyeshe. Nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha.

Mama yako


Bwenini, Musoma
26 Mei 2024

Kwangu,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Mama. Isome kwanza kabla ya hii yangu.

Aliniambia niichome. Nilikwenda nayo jikoni mara mbili, na moto ulikuwepo. Mara ya pili mpishi aliniuliza, “Mwanafunzi, umekuja kuota moto saa saba mchana?” Nikarudi nayo bwenini. Nimekaa nayo siku sita chini ya godoro, nimeshindwa hata mazoezi ya Hesabu. Sasa naituma. Usiniambie imepangwa niitume. Ni mimi. Mama akikataa kuongea nami tena, ni mimi. Bibi akiugua kwa habari hii, ni mimi.

Hukuchagua jina, mdogo wangu. Ulichagua ziwa. Ulikuwa na njaa, na mama yako alikuwa hatua mbili kutoka hapo, akakuita.

Lakini sitakudanganya. Damu ni ileile. Barua hii haiigusi damu hata kidogo. Niliyokuandikia Februari hayakuwa uongo, ila niliyaandika kama ninayejibu mtihani, wala sikujiuliza mtu anayesoma ataenda kulala na nini. Nisamehe.

Mitihani ya muhula inaanza Jumatatu. Sitaki kufaulu halafu nikirudi nyumbani nikukute nyuma ya migomba. Sina maneno mengine, Kwangu. Naomba tu. Meza kimoja, cha siku moja.

Yuliana


Butiama
Jumatano, 12 Juni 2024

Yuliana,

Naandika mbiombio, kikaratasi hiki nampa kijana wa bodaboda. Mdogo wako amezidiwa tangu juzi. Kifua sasa, sio mifupa tu, anapumua kama mbwa aliyekimbia. Ile bahasha nilimkabidhi, akaisoma kwa sauti mbele ya Bibi. Sijui mlikuwa mnanibebesha nini humo kati ya dagaa, mtoto wewe. Nyumba nzima haisemezani.

Baba yako na mama yako wamekuja na gari la kukodi, lipo nje linanguruma. Amekataa kupanda. Baba yako amesimama mlangoni, anasema hawezi kumwamuru. Bibi amejifunika kanga usoni. Mwombe mkuu wa shule ruhusa. Sali.

Shangazi yako Esta


Wodini, Musoma
Jumapili, 16 Juni 2024

Dada Yuliana,

Shikamoo. Ulikuja jana nikiwa nimelala usingizi mzito, Mama ameniambia. Anasema ulikaa chini hapa mpaka wakakufukuza, na kwamba hamkuongea. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akafikiri. Akasema, “Mwambie barua yangu nimeiona.” Basi.

Mkono wa kulia una dripu, naandika na wa kushoto, ndiyo maana mstari unapanda mlima.

Nataka ujue ilivyokuwa. Nilimsomea Bibi barua ya Mama nikiwa na hasira. Nilidhani atalia, au atasema ni uongo. Akasema, “Nilisikia.” Nikamuuliza alisikia nini. Akasema, “Mimi nimefundisha katekisimu miaka ishirini, Kiswahili nakisikia. Mama yako alisema mleteni. Wazee ndio hawakusikia. Nikakuleta, nikanyamaza. Nilitaka mwanangu.”

Nimewaza sana hilo. Hakuna aliyekuja kutoka kaburini. Wazee walisikia vibaya, Mama akaogopa, Bibi akatamani, Baba akaheshimu, wewe ukafungua kitabu, mimi nikaziba kopo. Kila mmoja kafanya kakitu kake kadogo. Nilipokuwa Kwangu wa Bibi nilikuwa na wa kumlaumu. Sasa maumivu ni yaleyale, ila hayana mwenyewe. Hilo hukuniambia, dada, na sikulaumu, labda hulijui. Ni baya zaidi.

Siku ile gari liko nje, nilimwambia Baba, “Mimi sio mkubwa. Niamuru.” Akafungua mdomo. Nilimwona kabisa anajaribu. Akasema, “Mku…” halafu akageukia ukuta, mabega yakawa yanatikisika. Nilingoja. Nilitaka sana aseme neno, hata tusi. Mama naye alikuwa ananitazama, na Bibi nyuma ya kanga yake, na dereva anatazama saa. Nikatambaa mpaka kwenye gari. Ukiniuliza kwa nini, sijui. Sikuwaza maisha wala kifo. Nilichoka kungojwa.

Hapa mapokezi nesi akauliza jina la mgonjwa. Baba akasema, “Kwangu.” Nesi akasema, “Najua anakaa kwako, baba, nauliza jina.” Mama akaanza kucheka, akashindwa kuacha, ikageuka kilio, ikabidi wamkalishe kwenye benchi.

Daktari anasema mapafu yamepata madhara na nyonga moja imeharibika. Dawa za kila siku zitanipunguzia, hazitaniondolea. Nikamuuliza kama nitafika ishirini. Akasema, “Hilo siwezi kukuandikia.” Nilitimiza kumi na saba Alhamisi, nikiwa na oksijeni. Sikujua.

Tangu Jumatano Bibi hajaniita jina lolote. Akitaka kunipa uji ananigusa mkono.

Saa kumi hii nesi amepita na vidonge. Kwa kawaida anasimama mpaka nimeze, leo kaitwa kitanda cha pili, kaniachia kidonge changu kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Mama ametoka kufua. Baba yuko nje. Bibi amesinzia, rozari mkononi. Kwa hiyo hakuna anayeniangalia. Dirisha liko wazi karibu yangu, naweza kukitupa na asijue mtu. Nilianza kukuandikia ili nisikitazame.

Ule muda ulioniambia, wa kabla magoti hayajakunjika, nimeutafuta. Upo. Hauna amani hata kidogo. Nimekaa ndani yake tangu mwanzo wa ukurasa huu, nikiona wino unavyoruka.

Nimemeza.

Kesho saa kumi wataleta kingine.

Mdogo wako,
Kwangu